Kuchagua Kompyuta ya Kazi Itakayopatana na Linux

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Sina ubishi nao katika mambo ya shamba, kwani jembe lolote lenye mpini imara laweza kupalilia mahindi. Lakini kompyuta si jembe. Waweza kulipa pesa zote ulizo nazo, ukafika nyumbani, ukaiwasha, nayo ikakataa katakata kushika waifai au kutoa sauti. Hapo kuchagua si uvivu tena, ni sehemu ya kazi yenyewe. Katika makala haya nanuia kueleza jinsi ya kuchagua maunzi, yaani vile vyuma na vipande vya kompyuta vinavyoshikika kwa mkono, kwa mtu anayetaka kufanyia kazi zake katika mfumo wa Linux.

Huenda mwenzangu ukauliza, "Linux ndiyo nini tena?" Kila kompyuta huhitaji programu kuu ya kusimamia vipande vyake vyote. Wengi wetu twaijua Windows. Linux ni mfumo mwingine wa aina hiyo. Kiini chake kilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Alikitoa bure, watu wakakisoma, wakakirekebisha na kukiongeza, na hadi leo kingali kinaendelezwa na watu wa kila pembe ya dunia. Hata simu za Android tunazozificha walimu wakipita zinatumia kiini cha Linux. Kwenye kompyuta, kiini hicho hufungashwa pamoja na programu nyingine na kupewa majina kama vile Debian, Linux Mint na Ubuntu. Ubuntu ilianzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake lina maana ile ile ya neno letu utu. Nasi watu wa Kiswahili hatukuachwa nyuma. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Kwa nini nalileta jambo hili sasa? Ni kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti magumu. Kwa jumla haizikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na inataka pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hivyo kompyuta nyingi zenye afya njema, zilizokuwa zikitumiwa maofisini, zimeambiwa zimezeeka. Kuzeeka kwenyewe si kwa mwili, ni kwa masharti tu. Linux haina masharti hayo, na mwenye pesa kidogo hapo ndipo penye nafasi yake.

Nyumbani kwetu hili halikuwa jambo la mazungumzo matupu. Dada yangu mkubwa hujipatia riziki kwa kuwaandikia watu barua na wasifu, kuwatunzia wenye maduka hesabu zao, na sasa anajifunza kutengeneza tovuti. Kwa muda mrefu alifanya hayo yote kwenye saiba, akilipa kwa dakika, mara nyingine faida yote ikaishia pale pale kaunta. Zamu ya mama katika chama ilipofika, alimkabidhi shilingi 25,000. Zamu hiyo huja mara moja kwa mwaka. Ikipotea, hakuna nyingine hadi mwaka ujao, na kuna karo yangu inayongoja pia. Kwa kuwa mimi ndiye nisomaye Kompyuta shuleni, niliambiwa nitafute habari kamili kabla hata senti moja haijatoka. Basi nikasoma, nikauliza, kwani kuuliza si ujinga, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jambo la kwanza kuelewa ni habari ya kiendeshi. Kila kipande cha kompyuta, kiwe kadi ya waifai au kadi ya picha, kina lugha yake. Kiendeshi ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani kati ya kipande hicho na mfumo mkuu. Kwa Windows, viwanda vyenyewe huandika viendeshi kabla bidhaa haijafika dukani. Kwa Linux, viendeshi vingi huja ndani ya kiini chenyewe. Vingine huandikwa na viwanda, vingine na watu waliojitolea baada ya bidhaa kutoka. Tokeo lake ni kwamba kompyuta iliyotoka juzi huenda ikawa na kipande ambacho mkalimani wake bado hajapatikana, ilhali iliyotoka miaka kadhaa iliyopita imekwisha kuzoeleka. Kwa maneno mengine, katika Linux upya si sifa peke yake. Swali kubwa si "Ina nguvu kiasi gani?" bali "Je, inajulikana?" Likishika swali hilo akilini, mengine yote ni rahisi.

Pili, jiulize kazi yenyewe ni ipi. Mtu wa kuandika, kupiga hesabu, kutuma barua pepe na kujifunza kuandika programu hahitaji mashine ya kutengenezea filamu. Tena lazima niseme ukweli hapa: kama kazi yako inategemea programu kama vile Microsoft Access, ambayo haikutengenezewa Linux, basi usijitese. Baki na Windows. Kazi za dada zilifanyika vizuri katika LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel, kwa hivyo njia ilikuwa wazi.

Sasa tuje kwa prosesa, ule ubongo wa mashine. Hapa wengi hudanganyika kwa jina. Muuzaji akisema "i7", mnunuzi hutoa macho kana kwamba ameonyeshwa dhahabu. Kumbe tarakimu zinazofuata ndizo zenye siri. Chukua i7-7500U na i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: ya kwanza ni ya kizazi cha saba, ya pili ni ya kizazi cha nane. Hiyo i7 ina vitengo viwili tu vya kufanyia kazi, ilhali i5 ina vinne. Ukifungua mambo mengi kwa pamoja, i5 itaiacha i7 nyuma. Vyote ving'aavyo si dhahabu, jameni! Herufi U ya mwisho huonyesha kuwa prosesa hiyo imeundwa itumie umeme kidogo, jambo jema kwa mashine ya kubeba. Kwa kazi za kuandika peke yake, hata kizazi cha sita kinatosha.

Baada ya prosesa kuna kumbukumbu ya RAM. Ifikirie kama dawati lako darasani: likiwa dogo, huwezi kutandaza vitabu vitatu kwa wakati mmoja. Linux Mint 22 huomba angalau GB 2, na kwa raha GB 4. Lakini kivinjari cha intaneti kina tamaa ya fisi, kurasa kumi tu zaweza kuimaliza yote. Kwa kazi ya kila siku tafuta GB 8. Muhimu zaidi, uliza kama RAM yenyewe yaweza kuongezwa. Katika mashine nyingine nyembamba imechomelewa kwenye bodi, na ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Mashine yenye nafasi mbili za RAM yakuruhusu kuanza na kidogo, kisha ukaongeza mambo yakikunyookea.

Nayo diski ni kabati lako. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka ndani, nayo husoma kiasi cha MB 100 hivi kwa sekunde. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Ile ya kawaida ya SATA husoma karibu MB 500 kwa sekunde, na ile ndogo ya NVMe yaweza kufika MB 3,000. Kama una pesa za kufanya jambo moja tu kwenye kompyuta kuukuu, toa ile sahani utie SSD. Mashine iliyokuwa ikiwaka wakati chai inachemka itawaka kabla hujaketi vizuri. GB 256 zatosha kabisa, maana Mint yenyewe hutaka GB 20 tu kuanza.

Sasa nifike kwenye vipande viwili vinavyowaliza watu wa Linux. Cha kwanza ni kadi ya waifai. Zile za Intel zina viendeshi ndani ya kiini, nazo aghalabu hushika papo hapo. Baadhi ya zile za Broadcom huhitaji kiendeshi cha kutafutwa kando, na hapo kuna kichekesho kichungu: ili upate kiendeshi unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji kiendeshi! Cha pili ni kadi ya picha. Za Intel na AMD zina viendeshi vilivyo wazi ndani ya kiini. Za NVIDIA zina nguvu nyingi, lakini kwa miaka mingi kiendeshi chake kilikuwa siri ya kampuni, hata mwaka wa 2012 Linus Torvalds akailaumu hadharani. Mwaka wa 2022 kampuni hiyo ilianza kufungua sehemu ya kiendeshi hicho kwa kadi zake mpya. Kwa mtu wa barua na hesabu, kadi ya Intel iliyo ndani ya prosesa yatosha, tena haimalizi betri. Kitu kingine kidogo ni kile kisomaji cha alama za kidole. Katika mashine nyingi hakifanyi kazi kwenye Linux, kwa hivyo usikilipie.

Je, ununue ya mezani au kipakatalishi? Ya mezani huwa na nguvu zaidi kwa bei ile ile, tena kuitengeneza ni rahisi. Lakini sisi sote tunazijua stima zetu. Zikipotea mteja akiwa amesimama mbele yako na barua haijahifadhiwa, ya mezani hufa papo hapo isipokuwa uwe na UPS. Kipakatalishi huendelea kwa betri yake, na kwa kazi ya kuandika hula umeme mdogo sana. Kwa mtu wa kazi za dada, hilo liliamua. Isitoshe, mashine nyingi zinazouzwa kama "ex-UK" zina chaja za soketi za Uingereza, ambazo ndizo hizi zetu za miguu mitatu. Kibodi yao nayo ina alama ya pauni juu ya tarakimu 3, lakini katika Linux waweza kuchagua mpangilio wa herufi unaoupenda.

Kuna aina ambazo watu wa Linux huzitaja mara kwa mara, nazo ni zile zilizoundwa kwa ajili ya maofisi: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Sababu si jina. Maofisi hununua nyingi za aina moja, kwa hivyo vipuri vyake hupatikana, watu wengi wamezijaribu na Linux, na mashine zenyewe zaweza kufunguliwa kwa bisibisi. ThinkPad T480 ya mwaka wa 2018, mathalani, ina nafasi mbili za RAM, na betri yake ya nyuma hutolewa bila hata kufungua mashine. EliteBook 840 G5 na Latitude 5490 ni rika lake.

Lakini hata ukiyajua haya yote, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapa Linux ina zawadi ambayo ni vigumu kuipata kwingine. Waweza kuitia yote kwenye flashi ya GB 8, ukaiwasha kompyuta ya dukani kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski yake. Faili la Mint lenyewe ni la karibu GB 3. Kwa Lenovo na Dell bonyeza F12 mashine ikianza kuwaka, kwa HP bonyeza F9. Kisha shika waifai ya simu yako, piga muziki, fungua kamera, bonyeza kila kitufe cha kibodi, funga kifuniko na kukifungua tena uone kama itaamka. Fungua dirisha la amri uandike lscpu kuona prosesa, free -h kuona RAM, lspci kuona kadi zilizomo, na upower -d kuona betri imebaki na asilimia ngapi ya uwezo wake wa awali. Mwisho, ingia katika mipangilio ya BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha mashine mezani useme asante. Hiyo ni kufuli ya mwenyewe wa zamani.

Tulipopanda matatu kutoka Thika hadi Barabara ya Luthuli, Nairobi, flashi ilikuwa mfukoni. Katika duka moja tulionyeshwa mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya kabisa, sanduku na yote, kwa shilingi 25,000, lakini prosesa yake ilikuwa Celeron, RAM GB 4 ya kuchomelewa, na hifadhi GB 64. Ya pili ilikuwa nyembamba na yenye kung'aa. "Sista, hii ni i7, haina shida kabisa," muuzaji akamwambia dada. Nikamwomba, "Samahani ndugu, tunaweza kuiwasha na flashi hii kwanza?" Akacheka kidogo, akakubali. Ilikuwa i7-7500U, ile ile ya vitengo viwili. Mint iliwaka vizuri, lakini tulisubiri orodha ya waifai hadi tukachoka, ng'o! Ya tatu ilikuwa T480 iliyochubuka pembe, yenye i5-8250U, RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Hakuna aliyekuwa akiitazama. Waifai ilishika mara moja, sauti ikalia, kifuniko kikafungwa na kufunguliwa ikaamka, betri ikasoma asilimia 81. Bei ilianza kwa 27,000. Dada alishukishana naye polepole hadi 24,000, akadai risiti na muda wa kuirudisha uandikwe kwenye risiti hiyo. Zilizobaki zikawa nauli.

Je, kuna hasara? Zipo. Printa yataka kuchaguliwa kwa uangalifu ule ule. Za HP huelewana na Linux kwa urahisi kwa sababu kampuni hiyo imeandika kiendeshi chake, lakini nyingine zataka kutafutiwa. Fundi wa mtaani huenda asiijue Linux, kwa hivyo itakubidi ujifunze mwenyewe. Na mashine iliyotumika haina dhamana ndefu. Mimi naona hasara hizo zabebeka kwa mtu aliye tayari kusoma. Dada sasa hulipwa kwa barua ile ile aliyokuwa akiandika saiba, tofauti ni kwamba malipo yote hufika nyumbani, na mwezi uliopita aliongezea kwenye karo yangu.

Nimalizie kwa ombi kwa walimu wetu. Katika maabara yetu ya kompyuta kuna mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Kabla hazijaitwa chuma chakavu na kuuzwa kwa kilo, naomba turuhusiwe kuziwasha kwa flashi, moja baada ya nyingine, tuandike daftarini ipi inashika waifai, ipi inataka SSD na ipi imekufa kweli. Yahitaji alasiri moja tu na flashi ya GB 8. Mimi ninayo ya kuanzia, na wanaotaka kusaidia wanipate Kidato cha Tatu wakati wa mapumziko.